Nukta Mlangoni kwa Msusi

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Bondeni," Mabomba alijibu akinawa mikono. "Bomba kuu linavuja, nimeshinda kwenye tope. Kwani vipi?"

"Nauliza tu," mchumba wake alisema.

Wapi, roho ilikuwa inamuungua. Yeye ndiye afisa ununuzi wa manispaa, na zabuni ya mtandao kwa mafundi wa nje ilikuwa mikononi mwake. Kampuni moja ilikuwa kwenye majaribio: kila fundi kapewa kishikwambi chenye laini yake, atume ripoti hukohuko kazini, na ofisini aonekane kwenye ramani kama nukta nyekundu. Mkataba ulikuwa usainiwe keshokutwa. Na wiki nzima nukta ya Mabomba ilishinda mlangoni kwa msusi, juu ya barabara inayoteremka bondeni. Siku hizi hata ile "Umekula?" aliyozoea kumwandikia mchana ilikuja jua likizama, kama mtu aliyekumbuka akiwa njiani kurudi.

"Shoga, nukta haina sababu ya kumsingizia," mwenzake wa meza ya pili alimwambia asubuhi iliyofuata, wakiitazama ramani.

Akapiga simu. Haipatikani.

"Kazima ili asisumbuliwe," alijisemea. Akabeba mkoba, mguu kwa mguu hadi kwa msusi.

"Karibu dada. Unasuka?"

"Namtafuta mwanaume wangu."

Msusi akacheka, kitana mkononi. "Wangu mwenyewe simpati, wako nitamtoa wapi?"

"Fundi wa manispaa. Anashinda hapa."

"Ahaa, yule kaka wa tope! Hashindi hapa. Asubuhi anasimama pale ukutani, anatuma mambo yake, anateremka. Ukipita lile kalavati mtandao umekwisha. Jioni anapanda, anasimama palepale, kainua kishikwambi juu kama anaanika nguo. Nilimuuliza anamwandikia nani, akasema bosi. Lakini bosi gani anachekewa vile?"

Kumbe nukta huganda pale mtandao unapoishia, na mtu mwenyewe yuko mbele.

Akateremka na viatu vyake vya ofisini. Alimkuta Mabomba shimoni, tope magotini.

"Nani kafa?" Mabomba aliuliza, macho yamemtoka.

"Hakuna aliyekufa. Umekula?"

"Mimi ndiye ninayeuliza hilo kila mchana, nimekaa kwenye jiwe lile. Na hunijibu."

"Linanifikia jioni, ukishapanda."

Mabomba akajifuta tope usoni. "Wewe umefuata nini huku?"

"Nilikuja kukufumania kwa msusi."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza jana."

"Ulisema unauliza tu."

Machozi yakamtoka. Alimpenda mtu huyu, na nusura amwache kwa ajili ya kidoa cha kwenye ramani.

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nimekusamehe. Sasa toka hapo kabla hujateleza, sina nguvu ya kuvuta bomba na mke kwa pamoja."

Kesho yake mkurugenzi alishika kalamu.

"Hatusaini," afisa ununuzi alisema. "Bondeni hakuna mtandao. Bomba likipasuka, fundi atapiga kelele mpaka akauke koo."

"Kampuni inasema jiji zima linashika. Nani kakwambia?"

"Nimekwenda mwenyewe, mzee." Akaonyesha viatu. Tope lilikuwa halijatoka.

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. Kampuni ikaambiwa ijenge mnara kwanza, la sivyo zabuni ianze upya. Walilalamika, wakajenga, mkataba ukasainiwa.

Wiki ya harusi yao, afisa ununuzi alikuwa ofisini, jua la utosini, simu ikalia mezani.

"Umekula?"

Akaitazama ramani. Nukta nyekundu ilikuwa chini kabisa bondeni, kando ya bomba kuu. Akajibu hapohapo:

"Bado. Panda, tule wote."

Nukta ikaanza kutembea.