Msumeno Chini ya Ghala la Forodha

"Tukichelewa, maji yatatuacha kwenye matope," Obed Tarbox alisema. "Tutadakwa tumekaa kama mizigo."

Chumba cha nyuma, karakana ya mapipa, bandari ya Eastport, Marekani. Aprili 1808. Watu watatu. Obed, mwenye merikebu Mehitabel. Keziah, binti yake, mshona matanga. Na Tom Yelland, mchumba wa Keziah, Mwingereza aliyetoroka manowari ya mfalme wake na sasa akijiita Mmarekani.

Waingereza na Wafaransa walikuwa vitani, kila mmoja akiteka meli za Marekani. Rais akajibu kwa kupiga marufuku meli zote kwenda nje. Watu wa forodha wakavua matanga ya Mehitabel, wakayafungia ghalani. Unga wa ngano ukabaki tumboni mwake, umeanza kunuka. Ng'ambo, kwenye kisiwa cha Waingereza, wanunuzi walikuwa wakiugombania.

Obed alichora mezani kwa chaki. "Ghala liko juu ya nguzo. Maji yakijaa, mashua inapita chini yake. Kanisa liko ubavuni. Wakiimba, Tom, unakata sakafu. Wakisali, unatulia."

"Na mchungaji akihubiri?"

"Unalala. Kama wengine."

Tom alicheka. Obed hakucheka. Hakumtazama hata usoni.

"Una nini, baba?" Keziah aliuliza.

"Namfikiria Asa."

Asa, kaka wa Keziah, alikuwa amekamatwa na Waingereza akivua samaki, wakamtia kwenye manowari yao kwa nguvu.

Jumapili, saa nne asubuhi. Ukungu mzito. Maji yamejaa.

Waumini waliimba. Chini ya ghala, Tom alikata, mashuani pamoja na Obed na Keziah. Vumbi la mbao lilimjaa machoni. Wimbo ukaisha ghafla, msumeno ukalia peke yake.

Viatu vya walinzi wawili vilisogea juu yao. Vikasimama.

"Umesikia?"

"Panya. Wa forodha wananona kuliko sisi."

Viatu vikaondoka. Keziah alikuwa ameuma kiganja chake mpaka damu.

Saa tano. Maji yanapwa. Matanga yalishuka kupitia tundu, mazito. Mashua iliburuza tope ikitoka. Wakayafunga kwenye milingoti ya Mehitabel ndani ya ukungu, wakakata kamba za nanga.

"Tumetoka," Tom alinong'ona. Akambusu Keziah shavuni.

Kisha kengele ikalia mbele yao. Tom akakauka. Alikuwa ameisikia kengele ile miaka mitatu, kila zamu.

"Mzee. Geuza. Ile ni manowari yangu."

Obed hakugeuza. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika bastola.

"Wana mwanangu," alisema. "Wamesema mtoro mmoja kwa Asa mmoja."

"Wataninyonga."

"Najua."

"Nimekula mezani kwako, mzee."

"Najua, Tom. Usinifanye niseme zaidi."

"Baba," Keziah alisema. "Baba, tafadhali."

Boti ya Waingereza ilikuwa imeshafika. Askari wa majini wakapanda. Ofisa alimwangalia Tom, akaangalia alama ya nanga mkononi mwake, akatikisa kichwa kukubali. Tom hakupigana, bastola ilikuwa karibu mno na Keziah, risasi ingeweza kumpata. Walipomshusha botini alimtazama Keziah tu, mpaka ukungu ukammeza.

Asa alikuwa ameshapandishwa kutoka boti hiyohiyo, mifupa mitupu, mgongo una makovu. Obed aliweka bastola chini ili amkumbatie.

"Yule mliyemtoa ni nani?" Asa aliuliza.

"Mtoro tu, mwanangu."

"Ni mchumba wangu," Keziah alisema. Alikuwa ameiokota bastola. Akashika usukani, akaugeuza.

"Ng'ambo ni huku, Keziah," Obed alisema.

"Siendi ng'ambo."

"Forodha watatufunga. Sote."

"Kaka atashuka kabla ya gati. Wewe na mimi tunaenda kufungwa."

Karibu na pwani Asa alishuka kwa mashua. Ukungu ulipofunguka, walinzi wa forodha walikuwa wamejipanga gatini, bunduki begani, na Obed Tarbox alianza kulia.