Mama Wawili Ndani ya Lenzi

Rafiki yangu, mpiga picha za harusi, alichoshwa na kamera inayojifanyia kila kitu. Akanunua ya zamani, ile inayokuonyesha mtu mmoja kama wawili mpaka uzungushe lenzi waungane.

"Hii inakulazimisha kumtazama mtu," alijigamba, akaipeleka kwa mama yake mgonjwa, baada ya kumkwepa mwaka mzima.

"Leo ndiyo unanitazama?" mama alimchoma. "Maharusi wa watu umewamaliza, mimi hata picha moja!"

Pazia lilikuwa limefungwa. Katika mwanga hafifu zilisikika pumzi za mama tu, zikikwaruza. Akazungusha lenzi taratibu. Mama wawili wakasogeleana, kisha wakagoma kuungana.

"Tulia basi, mama."

"Mbona nimetulia, mwanangu."

Mmoja alikuwa anamtazama. Wa pili alikuwa ameshageuka, anautazama mlango.