Kisanduku Chekundu cha Lennox

— Toa hiyo takataka, weka hii.

Lennox alikirusha kisanduku chekundu juu ya meza ya spana, kikateleza hadi kikagonga kikombe cha chai cha Wanjira. Hakusalimia. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu aache kuendesha pikapu za miraa kutoka Maua, lakini bado alitembea kama mtu ambaye lami yote ya Meru ilimwagwa kwa heshima yake.

Wanjira alisogeza kikombe, akafuta mikono.

— Takataka hiyo ndiyo ilikupa nafasi ya pili kwenye mbio za Timau.

— Nafasi ya pili ni ya watu wa kushukuru. Mimi nina sura ya kushukuru?

Sura alikuwa nayo, hilo hakuna aliyelibisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisema mara nyingi zaidi. Alichokuwa hana ni mashine. Ile kwadi, pikipiki ya magurudumu manne aliyokuwa akipiga nayo picha kila siku, ilinunuliwa ikiwa mnyama wa shamba wa kuvuta magunia ya majani chai. Wanjira ndiye aliyeifungua hadi mifupa katika gereji yake mjini Meru. Alitanua silinda, akatia pistoni ndefu, akabadilisha kabureta na springi. Jumapili ngapi alizozikosa kanisani, mama yake alikuwa anazijua kwa hesabu. Kitu kimoja tu hakukigusa: CDI, kisanduku cheusi cha kiwandani kinachoamua plagi ipige cheche saa ngapi.

Sasa Lennox alitaka hicho nacho kitolewe. Ya kiwanda, alisema, ni ya wazee wa kubeba maziwa. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho inakatiza moto, injini inakohoa, na wenzako wanakupita wakikupungia mkono.

— Hapo husemi uongo, Wanjira alikubali. Inakatiza. Imewekwa ikatize, ndiyo injini isijivunje. Hiyo yako inapiga cheche mapema na haijui kusimama. Na pistoni niliyokuwekea tayari inabana hewa sana.

— Unaogopa.

— Naogopa nini?

— Kitu ambacho hukutengeneza wewe.

Wanjira alikiokota kile chekundu, akakigeuza mkononi. Wiki tatu zilikuwa zimebaki kabla ya mbio za Mbeere, na Jumamosi inayofuata mbio hizo, wazee wa Lennox walikuwa waje Kibugu, kwa baba yake Wanjira, kumposa binti. Siku ilishawekwa. Mbuzi alishachaguliwa. Mwanamke aliye karibu kuitwa mke huvumilia maneno ambayo mteja wa kawaida angerudishiwa kwa spana kichwani.

— Tuzijaribu zote mbili, alisema. Mlima ndio utaamua.

Walizijaribu nyumbani kwao Kibugu, asubuhi yenye ukungu, kwenye barabara ya udongo inayopanda kutoka kituo cha kupimia majani chai hadi lango la kanisa. Mzee Njiru, baba yake Wanjira, ndiye aliyeshika saa. Kwa kisanduku cheusi, Lennox alipanda kwa sekunde arobaini na moja. Wanjira akabadilisha, akakaza, akarudi nyuma. Kwa kile chekundu, sekunde thelathini na tano.

Hapakuwa na la kubishana. Injini iliimba. Wachumaji waliokuwa na vikapu mgongoni walisimama wakatazama, na Lennox akavua kofia ya chuma polepole ili kila mtu aone nywele zake.

— Mzee, alimwambia Njiru, binti yako ni fundi mzuri sana. Wa wilbaro.

Njiru hakucheka. Alimtazama binti yake aone kama naye atacheka.

— Lennox, Wanjira alisema kwa sauti ya chini, hapa ni baridi. Na hapa juu hewa ni nyepesi, injini haibanwi sana. Kule Mbeere ni chini, ni jua na vumbi. Petroli itawaka kabla pistoni haijafika mahali pake. Itakuwa ni kama mtu anapigwa nyundo kichwani kila akijaribu kuinuka.

— Moto ni moto. Kibugu ama Mbeere.

— Basi twende tukaijaribu huko huko.

— Nikachomwe na jua bure? Umeshindwa, kubali. Hata mashine imekukataa.

Huo ndio uzuzu wa mtu aliyezaliwa mlimani: anaijaribu injini penye ukungu, halafu anaenda kuikimbiza jangwani, na hapo katikati haoni tofauti isipokuwa mavazi.

Jumatatu Lennox aliileta kwadi gereji ili kile chekundu kifungwe kabisa. Nyaya zake zilikuwa na rangi nyingine, kwa hiyo Wanjira akaomba mchoro.

— Uko kwa simu. Huyo wa duka la spea alinitumia, Lennox alisema, akampa simu na kwenda nje kujipiga picha na kiti cha kwadi.

Wanjira aliufungua mchoro. Waya wa kijani, waya wa njano, waya mweusi wa kufungwa kwenye mwili wa mashine. Akiwa bado anausoma, ujumbe mpya ukashuka chini yake. Jina lilikuwa Susan.

“Mwambie huyo fundi asikate wa kijani. Na ile hadithi ya wazee wa Kibugu utaimaliza lini? Ama unangoja akumalizie mashine kwanza? 😂”

Aliusoma mara moja. Haukuwa na maneno magumu ya kurudiwa. Juu ya mchoro kulikuwa na jibu la Lennox la usiku uliopita: “Akikaza nati ya mwisho tu, nimeachana naye. Sitaoa mwanamke wa kunuka grisi.”

Grisi hiyo ndiyo iliyomvusha Timau. Wanjira aliweka simu mezani, kioo kikitazama juu, na akaendelea na waya wa kijani.

Lennox aliporudi, alimuuliza tu:

— Susan ni nani?

— Nani? Aa, huyo. Mama mmoja mzee anauza spea Nairobi. Ana wajukuu.

— Mwambie asante kwa mchoro.

Angeweza kulegeza nati moja. Angeweza kugusisha waya mmoja na mwili wa kwadi, na Lennox angeishia kuisukuma kwa mikono siku ya mbio. Hakufanya hivyo. Alikaza kila kitu kwa haki, akakipima mara mbili, kwa sababu jina lililochorwa ubavuni mwa ile mashine lilikuwa la gereji yake, na hakuwa tayari kulichafua kwa ajili ya mwanaume wa aina hiyo. Kisha alikifunga kile cheusi ndani ya kitambaa chake cha kufutia mikono, akakifunga imara chini ya kiti. Jioni hiyo alimwandikia:

“Lennox, kule chini joto ni kali. Ukisikia injini inagonga kama mahindi yanaruka kwenye sufuria, zima hapo hapo. Nimekuwekea ya kiwanda chini ya kiti. Dakika kumi unabadilisha. Usiseme sikukwambia.”

Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote alilowahi kupata kutoka kwake.

“Fundi ni mikono, si mdomo 😂😂”

Wanjira hakuufuta ujumbe huo.

Siku ya mbio, Mbeere ilikuwa imekauka kama ngozi iliyoanikwa. Chini ya hema la wageni alikuwepo yule mama mzee mwenye wajukuu: msichana wa miaka ishirini na kitu, kofia nyekundu, miwani ya jua, na soda ambayo Lennox alimfungulia mwenyewe. Wanjira aliwatazama mpaka akaridhika kwamba moyo wake haukuwa unamdanganya. Kisha akachukua kisanduku chake cha spana, akakaa juu yake pembeni ya njia, kama fundi yeyote.

Lennox aliongoza mzunguko wa kwanza na wa pili. Tuseme ukweli: alikuwa anaruka. Katika mzunguko wa tatu, alipopita karibu, Wanjira aliyasikia. Mahindi. Kidogo mwanzoni, halafu sufuria nzima.

Alisimama, akavusha mkono mbele ya shingo yake: zima.

Lennox alimwona. Akamwashiria kwa mkono aketi, akainama mbele, akakanyaga zaidi, kwa maana hema la wageni lilikuwa linafuata.

Hakulifikia. Moshi mweupe ulimfunika, kwadi ikashtuka mara moja kama ng'ombe aliyekanyaga mwiba, ikanyamaza. Kwanza alipitwa na mmoja, kisha wawili, kisha wote. Wa mwisho kumpita alikuwa Nyaga, mfugaji wa hapo hapo, juu ya kwadi ya shamba ambayo bado ilikuwa na karia ya kubebea nyasi. Nyaga hata alipunguza mwendo amuulize kama anataka kusaidiwa.

Mtangazaji alipomfikia na kipaza sauti, Lennox alikuwa ameshapata la kusema.

— Mimi nilifanya kazi yangu. Fundi wangu ndiye ameniangusha. Ukimpa mwanamke injini, hayo ndiyo matokeo.

Watu wakacheka. Wanjira hakupiga kelele. Aliikokota mashine kivulini kwa msaada wa Nyaga, akafungua kichwa cha injini mbele ya yeyote aliyetaka kuona. Katikati ya pistoni kulikuwa na tundu la kutosha kupitisha kidole gumba. Na chini ya kiti, kitambaa kilikuwa kimefungwa vile vile alivyokifunga, fundo halijaguswa. Alipoinua macho, gari la Susan lilikuwa vumbi tayari.

Alhamisi, simu yake ililia.

— Wanjira. Nimefikiria sana.

— Sema.

— Nimekusamehe.

Ilibidi aitoe simu sikioni aitazame.

— Umenisamehe.

— Ndiyo. Kila mtu hukosea. Wazee watakuja Jumamosi kama tulivyopanga, hatuwezi kuwaaibisha. Halafu Jumatatu uanze kutafuta pistoni nyingine. Kuna mbio zingine Agosti.

— Susan anasemaje?

— Huyo mama? Hashiki simu.

— Waambie wazee waje, alisema Wanjira. Chai itakuwa tayari.

Wakaja. Mzee Muthamia, amu yake Lennox, mtu mpole mwenye koti la mvua na Biblia ndogo mfukoni, ndiye aliyeongoza. Yeye alizungumza Kimeru, Njiru Kiembu, na kila waliposhindwa kusikizana walikimbilia Kiswahili kama watu wanaokimbilia kibanda mvua ikianza. Katikati ya sebule kiliwekwa kibuyu cha uki, pombe ya asali iliyoletwa na wageni, na kando yake kreti za soda kwa waliookoka. Desturi ni moja: kibuyu hakifunguliwi mpaka binti aulizwe. Akikimimina, ameolewa. Asipokimimina, hakuna aliyekunywa, hakuna aliyeoa.

Muthamia alianza kwa kuomba radhi kwa maneno ya kuzunguka. Alisema amesikia habari za Mbeere. Kwamba kazi ya binti ilikuwa na kasoro kidogo, lakini kijana wao ana moyo mkubwa, amesamehe. Lennox aliinamisha kichwa, anyenyekee vizuri.

— Kasoro gani, mzee? Wanjira aliuliza kutoka mlangoni.

— Sijui mambo ya mashine, mwanangu. Ndivyo tulivyoambiwa.

Wanjira aliingia. Aliweka pistoni iliyotoboka kando ya kibuyu, na kile kisanduku cheusi, bado ndani ya kitambaa. Akampa Muthamia simu yake, ikiwa imefunguliwa kwenye ujumbe wa siku ile. Mzee alitafuta miwani. Akasoma kwa sauti, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kusoma, kila neno na heshima yake: joto ni kali, mahindi kwenye sufuria, chini ya kiti, dakika kumi, usiseme sikukwambia. Halafu jibu. Fundi ni mikono, si mdomo.

Alivua miwani.

— Lennox. Haya ni maneno yako?

— Amu, hiyo ilikuwa ni mzaha wa…

— Nimeuliza kama ni yako.

— Ni yangu.

— Na tulipokuwa kwa gari, mbona hukutuambia ulionywa?

Lennox alitazama kreti za soda. Hakuna iliyomsaidia.

— Wanjira, alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza alilitaja jina hilo bila kuagiza kitu. Tuongee nje, sisi wawili. Ule upuzi wa Nairobi umeisha.

— Upuzi upi? akauliza Njiru.

Hakuna aliyemjibu, na kwa kutojibiwa, akaelewa. Alikuwa mzee wa mashamba, si wa maneno mengi. Alikivuta kibuyu kidogo kuelekea kwa binti yake, kama desturi inavyotaka, akauliza kwa Kiswahili ili pande zote mbili zisikie:

— Binti yangu, wageni wametoka mbali. Tunywe ama tusinywe?

Mama yake Wanjira aliacha kupanga vikombe.

Wanjira hakufungua mdomo. Alimtazama Lennox tu, muda wa kutosha amfahamu, kisha akainyoosha mikono yake miwili mezani, mbele ya wazee wote, na grisi ya wiki nzima bado imekaa kwenye kucha. Akakishika kibuyu. Lennox aliachia pumzi.

Mikono ile ikakisukuma kibuyu polepole, kikiwa kimefungwa bado, kikapita kando ya pistoni, kikapita kisanduku cheusi, mpaka kikagusa magoti ya Mzee Muthamia.