Wimbi Lisilopita Ukuta

Karatasi ya Hisabati ilipatikana Jumatatu asubuhi, nyuma ya choo cha wavulana, nusu saa kabla ya mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa kidato cha nne kuanza. Maswali yote yalikuwamo, mpaka nembo ya shule. Jumatano wataalamu wa mitandao kutoka mkoani wakaleta jibu: mtihani ulipandishwa kwenye tovuti moja ya vijana kupitia laini ya intaneti ya nyumbani kwa Mwalimu Efrazia, aliyeutunga. Alhamisi mwenyekiti wa bodi akaitisha paredi, akamtaja kwa jina mbele ya watoto aliowafundisha, akamsimamisha kazi. Mama wa watu alisimama palepale na kitambaa cheusi kichwani. Mtihani ulipandishwa Ijumaa iliyotangulia, saa nane mchana. Saa hiyohiyo alikuwa anamzika mumewe.

Sasa niambie, mtu ana akili gani kumshitaki mjane kwa jambo lililotendeka wakati jeneza linashushwa?

Hayo ndiyo Sajenti Gaudensia, mpelelezi kutoka Katesh, aliyokuwa akijisemea wakati pikipiki inapanda kuelekea Gitting, nyumbani kwa Efrazia. Mwenyekiti alikuwa ameshamjibu kwa simu: kompyuta inaweza kutumwa kazi na mwenyewe hayupo. Bodi ingekaa Jumatatu kumfukuza Efrazia moja kwa moja.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa, mwanangu. Hili la pili ndilo linaniua," alisema Efrazia, akimkaribisha sebuleni. "Nikifukuzwa kwa wizi wa mtihani, hakuna shule itakayonipokea tena. Na watoto wangu watajua mama yao ni mwizi."

Sebule ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ukuta mnene. Juu ya kabati ilikaa ruta, kisanduku cha kugawa intaneti, yenye antena nne, na diski ndogo imechomekwa ubavuni mwake.

"Mitihani nahifadhi kwenye hiyo diski," alieleza Efrazia. "Kompyuta yangu imezeeka, naogopa itakufa na kazi zangu. Ukiwa ndani ya waifai ya nyumbani unaifungua diski. Ukiwa nje ya waifai, huioni."

"Na waifai ina neno la siri?"

Efrazia alimtazama shemeji yake Renatus, mdogo wa marehemu Joakimu Sulle. Renatus akainamisha kichwa.

"Nililiondoa mimi, afande. Siku zote za msiba ilikuwa wazi. Watu wametoka Haydom, wametoka Bashay, wana ndugu mbali wanaotaka kuona mazishi kwa video. Mlango wa msiba haufungwi. Mtu mzima amekuja kulia na sisi, nimwambie kwanza andika paswedi?"

Gaudensia hakuwa na la kumlaumu. Hata kwao Dongobesh mtu angefanya vivyo hivyo. Lakini maana yake kila aliyefika msibani na simu mfukoni alikuwa mshukiwa.

"Saa ya kuzika, nani alibaki hapa nyumbani?"

"Nani abaki?" aliuliza Renatus, sauti imepanda. "Hata akina mama wa jikoni waliacha sufuria. Kaburi liko kule chini, ng'ambo ya shamba la mahindi. Mwalimu Baltazar peke yake ndiye aliyekaa chini ya turubai, goti linamsumbua."

Mwalimu Baltazar alikuwa makamu mkuu wa shule. Gaudensia alimkuta ofisini kwake, amevaa koti, na amesikitika sana. Alisikitika mno, kama unaniuliza mimi.

"Efrazia ni kama mdogo wangu," alisema. "Siamini kabisa kwamba ni yeye. Binti yangu, kwa nini hamumhoji Idrisa, yule wa duka la kompyuta Katesh? Ruta alimfungia yeye, siri zake zote anazijua."

"Ulimwona siku ile?"

"Nilimwona! Nimekaa zangu chini ya turubai, natuma picha za msiba kwa walimu wenzangu kwa ile waifai yao ya Sulle-Tano, kitu kinaruka kama swala. Mara naona Idrisa anafika mlangoni peke yake. Anaangalia huku, anaangalia kule, anazama ndani."

"Turubai lilikuwa wapi?"

"Mwisho wa uwanja, nyuma ya ghala. Wanaume tulikaa huko siku zote tatu, kama desturi. Ndani ni kwa akina mama. Mimi sikukanyaga sebule ile hata siku moja."

Gaudensia aliandika, akashukuru, akateremka Katesh.

Idrisa alipoambiwa aliweka bisibisi mezani kwa kishindo.

"Mimi? Niibe kwenye nyumba ya msiba? Ebo! Huyo aliyesema ana haya kweli?" Alivuta pumzi. "Nilichelewa kwa sababu ya swala ya Ijumaa. Nimefika, turubai tupu, viti vitupu. Nikaenda mlangoni nikapiga hodi. Hodi! Hodi! Kimya. Nikawasikia wanaimba kule chini, nikashuka kaburini. Muulize Renatus, nilishika koleo."

"Turubai lilikuwa tupu? Una hakika?"

"Afande, nina macho."

Basi mmoja wao alikuwa anasema uongo. Gaudensia alimpakia Idrisa kwenye pikipiki, wakarudi Gitting. Idrisa akafungua kurasa za ndani za ruta kwenye kompyuta yake, akasoma kwa kidole.

"Huyu hapa. Ijumaa saa nane, kifaa kimoja kimefungua diski, kimechukua mtihani, na palepale kimeupandisha mtandaoni. Hakikujali kuficha njia. Kilitaka lawama ibaki nyumba hii."

"Ni kompyuta ya mwalimu?"

"Haiwezekani. Ruta hii ina mawimbi mawili. La kwanza, linaloitwa Sulle, ni la gigahezi mbili nukta nne. Linakwenda mbali na linapenya ukuta, ila ni la polepole, na siku ile lilikuwa limejaa watu. La pili ni Sulle-Tano, gigahezi tano. Lina kasi, ila halifiki mbali, na ukuta mnene unalikata. Mwizi alipitia la pili. Kompyuta ya mwalimu ni ya kiwango cha zamani, hata haijui kama gigahezi tano ipo duniani. Na simu yangu ni hivyohivyo, ishike uone."

Efrazia alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu paredi alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Gaudensia alitoa simu yake mwenyewe. Sebuleni, mistari ya Sulle-Tano ilikuwa imejaa. Barazani ikabaki mstari mmoja. Akavuka uwanja, akapita ghala, akasimama kwenye mashimo ya nguzo za turubai. Ilibaki Sulle peke yake. Akazunguka mashimo yote, simu ameinyanyua juu, majirani wakimwangalia kwa mshangao. Sulle-Tano haikuonekana hata kwa dawa.

"Mungu wangu," alisema. "Alikuwa ndani."

"Nani?" aliuliza Renatus.

"Je, ruta inaweza kunipa jina lake?" Gaudensia alimgeukia Idrisa.

"Jina hapana. Kila kifaa kina namba yake, lakini simu za siku hizi zinaficha namba ya kweli, zinatoa ya bandia." Idrisa akatabasamu kwa hasira. "Ila kwa mtandao uleule, simu hutoa bandia ileile. Na mtandao iliowahi kuuingia, ikiukuta tena iko wazi, inaingia yenyewe bila kumuuliza mwenye simu."

Jumamosi saa nne asubuhi walikaa sebuleni: mwenyekiti wa bodi, Efrazia, Renatus, Idrisa na kompyuta yake mapajani, na Mwalimu Baltazar, aliyeitwa kama shahidi. Idrisa alikuwa ameiacha waifai bila neno la siri, kama ilivyokuwa msibani.

"Mwalimu," alianza Gaudensia, "ulisema ulikuwa chini ya turubai ukitumia Sulle-Tano."

"Ndiyo."

"Ile Sulle nyingine hukuitumia?"

"Ile ilikuwa inakokota. Nilitumia Tano. Kwani ni kosa?"

"Kule nyuma ya ghala Tano haifiki. Nimepima, na mwenyekiti nimempeleka asubuhi hii akapima kwa simu yake."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, uso umemshuka.

"Labda ni hali ya hewa," alisema Baltazar. "Siku ile hapakuwa na upepo..."

"Upepo!" aliruka Renatus. "Mawimbi ya ruta yanapeperushwa na upepo kama makapi?"

"Afande," aliita Idrisa taratibu. "Kuna simu imeingia Tano sasa hivi. Namba ni ileile ya Ijumaa. Herufi kwa herufi."

Mkono wa Baltazar ulikwenda mfukoni. Gaudensia akaushika kabla haujazama.

"Iache hapo mezani, mwalimu."

Idrisa akasimama.

"Ulikuwa humu. Mimi nimesimama mlangoni napiga hodi kwenye nyumba ya msiba, wewe umekaa humu unasikia, unanyamaza. Halafu unanipakazia mimi!"

"Sikutaka..." Baltazar alijifuta jasho. "Kule nje mtandao ulikuwa hautembei. Nilifikiri ni dakika mbili tu."

"Kwa nini?" aliuliza Efrazia.

"Kwa nini? Mimi nimekuwa makamu tangu wewe uko chuoni! Mkuu anastaafu Desemba, nasikia jina lililopelekwa ni lako. Nilikuwa na haki na kile kiti!" Sauti ikamfifia. "Uliniambia mwenyewe kwamba kazi zako ziko kwenye diski ile. Na waifai ikawa wazi."

"Waifai ilikuwa wazi kwa waliokuja kumlilia Joakimu," alisema Efrazia. "Ulikula chakula changu. Ulinishika mkono ukaniambia Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mchana ukaingia kuniibia, maiti ya mume wangu haijafunikwa udongo. Hata fisi husubiri watu waondoke, Baltazar!"

Gaudensia alimfunga pingu. Hakuna aliyemtetea.

Mwenyekiti alibaki amesimama, kofia mkononi, akikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Mwalimu Efrazia, bodi inasikitika. Jumatatu nitakuandikia barua ya kukurudisha kazini. Tulimalize kimyakimya, kwa heshima ya shule."

"Kimyakimya?" Efrazia alisimama. "Mwenyekiti, uliponiita mwizi, uliniita kimyakimya?"

"Hapana, lakini..."

"Uliniita paredi, bendera imepanda, mbele ya watoto. Barua yako sitaipokea. Jumatatu utapiga kengele, utaitisha paredi ileile, utasimama palepale, na utasema ulikosea. Kwa sauti ileile."

Mwenyekiti akamtazama Gaudensia, pengine akitafuta msaada. Gaudensia alikuwa anafunga kamba za viatu vyake.

"Paredi ni saa ngapi, mwenyekiti?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Nitakuja kusikiliza."