Kiti cha Abiria

Fundi wa viti vya magari hahitaji kuambiwa gari limembeba nani. Anaangalia kiti tu. Ndiyo maana mzee wetu, fundi wa kazi hiyo, alikuna kichwa siku aliponunua gari la miaka arobaini lililotembea kilomita sitini na mbili tu. Kiti cha dereva kilikuwa kimelainika kidogo tu. Cha abiria kilikuwa kimebonyea, springi zimelegea, na mgongo wake umelalia upande wa dereva, kama kiti cha mtu aliyezoea kumwegemea mwenzake.

"Mama, nani alikuwa anakaa hapa?" alimuuliza mjane aliyemuuzia.

"Mimi sijakaa humo hata siku moja." Mjane alimsukumia funguo haraka. "Marehemu alilinunua anipeleke kwetu. Hatukwenda. Akawa anashinda nalo bandani, mlango kafunga. Wewe chukua tu, baba."

Mwingine angeghairi palepale. Lakini mzee alikuwa mpweke, mwaka wa tatu tangu amzike mkewe, na binti yake alikuwa amejifungua mbali. Mjukuu ana miezi mitano, babu hajamtia machoni. Alitaka aende mwenyewe, kwa gari lake, apige honi mlangoni majirani watoke. Mambo ya kitoto, lakini ndiyo yaliyokuwa yanamwamsha asubuhi.

Bandani kwake akakifumua kiti, akaweka sponji mpya, akashona, akakipangusa kwa kiganja. Kisha akafanya kosa la kazi yake. Miaka thelathini, kila akimaliza kiti humwita mteja akijaribu, na mdomo ukamtoka kabla hajafikiri: "Haya, karibu ukae."

Springi zikalia. Kiti kikabonyea.

Hakukimbia, na hilo ndilo la kusikitisha. Ilikuwa mchana mweupe, redio ya jirani inaimba, naye akasimama pale akisikia harufu ya udongo uliolowa ilhali mvua haijanyesha mwezi mzima, akasikia pumzi ikivutwa polepole na kushushwa, akaona mlango wa dereva ukijifungua taratibu mpaka mwisho, na badala ya kupiga kelele akawaza kwamba tangu mkewe afe hakuna aliyemfungulia mlango wowote, akaingia, akaketi, na kitu kizito cha baridi asichokiona kikamwegemea begani.

Wiki tatu binti alipiga simu bila kupokelewa. Mwishowe akapanda basi, mtoto mgongoni, akamkuta baba yake bandani ndani ya gari, amekonda, shati linampwaya.

"Shikamoo, baba! Una nini? Nani anakupikia?" Akamfungua mtoto mgongoni. "Haya basi, mpokee mjukuu wako."

Uso wa mzee ukachangamka, machozi yakamlengalenga. Alinyoosha mkono wa kulia dirishani. Wa kushoto ulibaki juu ya kiti kitupu, vidole vimebanwa pamoja hadi vimepauka, na hata alipojaribu kuuvuta haukutoka. Mtoto hakumtazama babu. Alikuwa anakitazama kile kiti, anacheka, mikono ameitanua abebwe.

Mzee akaurudisha mkono wake bila kumgusa.

"Mrudishe nyumbani, mwanangu. Ondokeni sasa hivi," alinong'ona. "Na usilitaje jina la mtoto hapa. Mwenzangu ananiuliza anaitwa nani."