Msuko wa Saa Nane Mchana

Hakuna aliyemsuka Ornella, lakini aliamka usingizi wa mchana akiwa na msuko mmoja mwembamba nyuma ya sikio, umekazwa sana, unanuka sufu mbichi. Rosalba, mama yake, alidhani ni michezo ya watoto wa ufukweni. Akaufumua.

Walikuwa wametoka Torino kuja kuogelea Roccamara, mji mdogo alikozaliwa Rosalba, na kama kila Agosti walifikia kwa mama yake, Assunta, ndani ya ukuta wa kale unaozunguka mji. Bibi alipoziona nywele zimefumuliwa, bado zina mikunjo ya msuko, alimgeukia Rosalba.

"Umeufumua wewe?"

"Mama, usianze."

"Yule pepo wa saa nane akikupenda, anakusuka. Ukimharibia kazi yake, anaondoka na mwenye nywele. Uliambiwa hayo ukiwa mdogo kuliko huyu. Torino imekufundisha nini, kusahau?"

Kesho yake Ornella hakuweza kusimama. Daktari hakuona ugonjwa. Ilipogonga saa nane, madirisha ya mji mzima yamefungwa kwa joto na hata mbwa hawabweki, Rosalba alisikia chumbani vidole vikipitishwa kwenye nywele, taratibu, bila haraka yoyote, akaingia akamkuta mtoto macho wazi, kichwa kinavutwa upande kidogo kidogo, wala hapakuwa na mtu, ila harufu ile ya sufu mbichi.

Assunta alimsukuma kando. Akamshusha mjukuu kitandani, akalala mahali pake, akafungua kishungi chake, mvi zikatanda juu ya mto wa kulalia.

"Zangu ndefu zaidi," alinong'ona. "Suka hizi. Mwache mtoto."

Jioni Ornella aliomba tikiti maji. Bibi alikuwa na msuko nyuma ya sikio.

"Huu usifumuliwe," alimwambia Rosalba. "Hata nikifa nizikwe nao. Ukifumuliwa, atarudi kwa wa kwanza aliyemsuka."

Assunta alikufa Februari. Rosalba alimwacha Ornella Torino na baba yake, akapanda treni. Njiani aliwaza kuwapigia majirani simu awaonye, akaona haya, wangemcheka.

Alifika alasiri. Walikuwa wameshamwosha marehemu na kumvika gauni lake jeusi. Mvi zilikuwa zimechanwa, zimelala mabegani laini, hazina hata fundo moja.

"Tumempendezesha," alisema jirani, akimshika mkono. "Kile kimsuko kilitusumbua kukifumua. Kimefumuka saa nane hii."

Simu ya Rosalba ikaita. Alitazama jina la mumewe kwenye kioo, na hakuthubutu kupokea.