Barua ya Herceg na Makaa ya Mpakani

Vukoslav alikuwa na nguruwe kumi na wanne. Kila mwaka mbegu za mwaloni zilipoanguka, aliwapeleka msituni, wakala, wakanona. Kabla ya baridi kali mkewe Dobrica alikausha nyama kwa moshi. Nyama hiyo iliwalisha wao na binti yao mdogo Jelena mpaka kiangazi. Bila msitu ule, nyumba ile ingekufa njaa.

Msitu alipewa baba yake Vukoslav kwa kazi ya kulinda kivuko cha mto Sava. Aliyempa alikuwa herceg. Huko Slavonia, herceg ni mrithi wa mfalme. Mfalme hukaa mbali, ng'ambo ya mto Drava, na nchi ya mpakani humwachia mrithi wake aitawale. Herceg yule alikaa na cheo hicho miaka mingi, maana baba yake hakuwa na haraka ya kufa. Barua aliyoandika, yenye muhuri wa nta, ilikaa sandukuni kwa Dobrica, chini ya mashuka.

Pasaka moja habari zikafika. Mfalme mzee amekufa. Herceg amevuka Drava, amevikwa taji. Mwanawe wa kwanza ndiye herceg sasa.

Vukoslav akacheka. "Mama Jelena, lete divai! Aliyetia muhuri barua yetu leo ni mfalme. Nani atatugusa?"

"Padri ametangaza kanisani," Dobrica akasema. "Barua zote za ardhi zipelekwe kwa herceg mpya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli."

"Waende wenye barua za ovyo. Mimi nimpelekee kijana asiye na ndevu barua ya baba yake?"

Barua ikabaki chini ya mashuka.

Mwezi wa Septemba Vukoslav alikuta nguruwe wa watu msituni mwake. Walikuwa wa Bwana Farkas, tajiri wa ng'ambo ya kijito. Tuta la udongo lililoonyesha mpaka lilikuwa limesawazishwa.

"Toeni nguruwe wenu!" akawafokea wachungaji.

"Kwani msitu ni wa nani?" mmoja akauliza.

"Wangu. Nina barua ya herceg."

"Herceg yupi? Yule alishaondoka. Bwana wetu anauomba msitu huu kwa huyu mpya. Anasema hauna mwenyewe."

Vukoslav alirudi nyumbani, akavaa buti za safari. Pribko, kaka yake Dobrica, alikuwa mezani anakula. Yeye alikuwa mpiga kengele wa mapadri wa Chazma, walioandika na kuthibitisha barua za ardhi. Barua za watu zilipita mbele ya macho yake kila siku.

"Safari ya wapi, shemeji?"

"Kwa mfalme. Yeye ndiye aliyetupa msitu."

"Aliwapa akiwa nani?"

"Akiwa herceg."

"Herceg ni cheo," Pribko akasema. "Yule amekivua, mwanawe amekivaa. Mambo ya huku sasa anaamua huyu. Kwenda kwa mfalme ni siku kumi, na akikuona atakwambia urudi kwa mwanawe. Mtakatifu Mikaeli ni siku tisa kutoka leo."

"Basi barua imekufa?"

"Imelala. Herceg mpya akitia muhuri wake, itaamka. Usiuguse ule wa zamani. Na kwa kuwa tuta limeondolewa, tafuta mtu aliyeona mpaka ukiwekwa. Mapadri watamtuma mmoja wao atembee naye, aandike alichokiona."

"Waliokuwepo wamekufa wote."

"Grubisha yupo," Dobrica akasema. "Alikuwepo akiwa mtoto."

Vukoslav akasonya. Mwaka uliopita alimwita Stana, mke wa Grubisha, mwizi wa nguruwe mbele ya kanisa zima. Kesho yake nguruwe alionekana kwenye matete, mzima. Vukoslav hakuomba radhi.

"Afadhali nile magome ya miti."

"Kula," Dobrica akasema. "Mimi na Jelena hatuli magome."

Vukoslav akaenda. Stana alikuwa mlangoni anakanda unga.

"Karibu, mwenye nguruwe. Umekuja kuhesabu wetu?"

"Nimekuja kukuomba radhi, Stana. Nilikosa."

"Mbona sauti ndogo? Kanisani ulipaza."

Akapaza. Majirani wakatoka nje kusikiliza. Ndipo Grubisha akatoka ndani, akajishika sikio la kushoto.

"Miaka thelathini sikio hili linangoja kazi," akasema. "Twende."

Walitembea mpakani na padri wa Chazma na mtu wa herceg. Msimamizi wa Farkas alifuata nyuma, anacheka. Grubisha alianzia kwenye mwamba uliopasuka, akahesabu hatua kuelekea kijitoni. Akasimama penye majani matupu.

"Chimbeni hapa."

"Unamtafuta babu yako?" msimamizi akauliza.

"Natafuta makaa. Wazee waliyafukia chini ya tuta, kwa sababu makaa hayaozi. Nilikuwa na miaka minane, nilibeba kapu. Nilipolitua, baba yake huyu Vukoslav alinivuta sikio mpaka nikalia. Akaniambia, 'Usipasahau hapa.' Ningesahauje?"

Pigo la tatu la jembe lilitoa udongo mweusi. Padri akainama, akaokota kipande cha makaa, akaandika. Msimamizi hakucheka tena.

Siku mbili kabla ya sikukuu, Vukoslav alisimama mbele ya herceg. Kweli hakuwa na ndevu. Alisoma barua ya baba yake na maandishi ya padri.

"Kwa nini hukuja tangu Pasaka?"

"Ujinga wangu, bwana."

Herceg akathibitisha msitu. Barua mpya ikaandikwa, ikatiwa muhuri wake. Nguruwe wa Farkas wakatolewa.

Tuta lilijengwa upya. Safari hii kapu la makaa alibeba Jelena. Alipolitua, Grubisha alimvuta sikio mpaka mtoto akapiga kelele.

"Vizuri," Grubisha akasema. "Umepajua."

Miaka sita baadaye mfalme alikufa. Yule kijana, sasa ana ndevu, akavuka Drava kuchukua taji, na mdogo wake akawa herceg. Habari zilifika Jumapili. Jumatatu alfajiri Vukoslav alikuwa njiani na barua zote mbili kifuani. Majirani saba walimfuata na barua zao. Grubisha alitangulia mbele, na sikio lake.